Maboksi ya pikipiki ya kutoa kwa mkono: nilichojifunza kwa aibu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia meseji ndefu, kamalizia na swali: "Kaka, maboksi yangu nimeyafunga kwa bolti kwenye keria, kila nikifika pa kulala nahangaika nusu saa kuyatoa, nifanyeje?" Nikacheka kwanza, afu nikaacha, maana huyo ni mimi kabisa kabla sijapata akili.

Najua wewe unayesoma hapa una ndoto kama zangu, safari za siku kumi, kumi na tano, siyo kwenda na kurudi. Kwa hiyo sikai kukueleza sana boksi ni nini, ni yale ya mizigo yanayokaa kushoto na kulia kwa gurudumu la nyuma.

Mfumo wangu wa kwanza ulikua bolti nne kila boksi, za milimita 8, nati ziko ndani. Sasa fikiria maana yake. Ili boksi litoke inabidi kwanza utoe kila kitu kilichomo uweke chini, mkono mmoja uingize ndani na spana namba 13, mwingine upite nyuma upande wa gurudumu ushike kichwa cha bolti, na huko kuna tope na ekzosi haijapoa. Kuna usiku mvua inapiga, tochi nimeing'ata kwa meno, nati ya tatu ikaniponyoka ikazama kwenye tope. Wenzangu watatu walikua na maboksi ya kuchomoa, ka, ka, wameshaingia ndani na kuoga. Mmoja akatoka mlangoni taulo begani akanikuta nimepiga magoti napapasa matope, akasema, "Fundi, bado?" Toka siku hiyo naitwa Fundi Bado. Nilicheka nao. Ila iliniuma, na nikisema imeisha nitakua naongopa.

Nikarudi nyumbani na hasira, na hasira siyo fundi mzuri. Nikachukua grinda, nikakata vipande vya chuma bapa, nikatengeneza kulabu mbili za juu kila boksi na komeo moja chini, lile la kuvuta na kubana kama la sanduku la vifaa. Boksi lilikua linatoka kwa sekunde tano. Niliwapigia picha nikawatumia, nikajiona mfalme. Tatizo kulabu nilizikata fupi, zilikua zinashika paipu kama sentimita moja tu, kwa sababu kulabu fupi inaingia kirahisi na mimi urahisi ndo niliokua nautafuta.

Safari iliyofuata tukaingia barabara ya vumbi, ile yenye vituta vidogo vidogo vilivyopangana kama bati. Sikusikia chochote. Nilichohisi ni pikipiki inataka kulalia kulia, nikadhani ni upepo. Afu honi nyuma, honi haikatiki. Kugeuka, boksi la kushoto halipo. Liko nyuma kabisa limelala kifudifudi, kifuniko kimeachia, nguo zangu zimetapakaa njia nzima na moja ambayo sitaitaja iko juu ya mti wa miiba. Aliyekua nyuma yangu alifunga breki nusura aanguke. Hilo hatujawahi kuliongea vizuri mimi na yeye, na ni kosa langu.

Jioni ile nilikaa na lile komeo mkononi, limepinda kama kijiko, nikaelewa. Sisi tunafikiri boksi linavutwa kwenda chini tu. Kwenye vituta boksi linaruka juu pia, mara nyingi mno kwa dakika. Likiruka, kulabu fupi inaachia paipu, mzigo wote unahamia kwenye komeo, na komeo halikutengenezwa kubeba, limetengenezwa kuzuia. Hapo ndo pa kushika wewe uliyeniandikia: uzito ubebwe na kulabu na keria, komeo kazi yake ni kuzuia boksi lisiruke na lisifunguke kwenda nje, basi. Ukiachia komeo na boksi bado limekaa palepale limening'inia lenyewe, umepatia. Ukiachia komeo na boksi linataka kukuangukia mguuni, rudi kwa grinda.

Mfumo wa tatu ndo ninao mpaka leo. Keria yangu ni ya paipu ya milimita 18, kulabu sasa zinaizunguka zaidi ya nusu, kwa hiyo boksi huliingizi kwa kulisukuma, unaliinamisha kidogo kwa nje, unalipachika, afu unaliachia lilale lenyewe. Kati ya kulabu na paipu kuna kipande cha mpira. Usiudharau huo mpira. Milimita mbili za kucheza zinatosha kugeuza boksi kuwa nyundo, linagonga siku nzima mpaka matundu ya bolti yanakua yai na alumini inaanza kupasuka pembeni ya tundu. Kwa ndani niliweka bamba refu badala ya washa ndogo, uzito usambae, na nati zile zenye plastiki ndani maana za kawaida mtikisiko unazifungua zenyewe. Chini kuna kitasa cha kuzungusha robo mduara, na kwenye kitasa napitisha pini ya R, ile ya waya iliyokunjwa kama herufi R. Juu ya yote kuna mkanda mmoja unaozunguka boksi na keria. Wenzangu wanasema mkanda ni uoga. Sawa, ni uoga.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: kulabu weka kwenye boksi, siyo kwenye keria. Mimi kuna wakati nilijaribu kuziweka keria, siku natembea bila maboksi zikanichana suruali na shavu la mguu. Na keria iwe na paipu ya kuunganisha kushoto na kulia nyuma kule chini ya kibao cha namba. Bila hiyo, pande mbili zinachezacheza kila moja kivyake, na welding ndo inalipa deni, inapasuka pale pale kwenye kona.

Kuna watu wataniambia, ya nini yote hayo, weka begi la kitambaa ndani ya boksi, jioni beba begi, boksi liache. Kweli, na mimi begi la ndani ninalo, kwa usiku mmoja linatosha kabisa. Lakini siku tairi la nyuma limepasuka, ekseli inatoka kwa pembeni na boksi limekaa hapo hapo kwenye njia yake, utanikumbuka. Siku unasukuma kupita mlango mwembamba, vilevile.

Uzito mi nisiuongelee sana, mnajua. Maboksi mengi ya dukani yameandikwa mwisho kilo 10 kila upande na watu wanajaza kama wanahama. Pima kwa mzani, siyo kwa macho, vizito viwe chini na karibu na katikati ya pikipiki. Na ukishayatoa maboksi kumbuka kurudisha mkazo wa springi ya nyuma na upepo wa tairi kwenye kipimo cha bila mzigo, ukiyapachika tena rudisha kipimo cha mzigo.

Halafu lijaribu kabla ya safari jamani, mi sikujaribu. Jaza boksi mchanga au chupa za maji uzito ule ule utakaobeba, likiwa limefungwa kwenye keria likamate kwa mikono miwili ulivute juu kwa nguvu, uvute nje, usukume mbele, ukisikia "tok" yoyote huyo ndo adui. Afu nenda barabara mbovu nusu saa, simama, gusa kila nati kwa mkono. Mtu anayetengeneza usiku wa kuamkia safari anatafuta matatizo, na najua nanena na nani hapa, maana nyie wote mnafanya hivyo.

Safari ya mwezi uliopita maboksi yote mawili yalitoka chini ya dakika moja, kwenye mvua, bila tochi. Nilisimama mlangoni taulo begani nawaangalia wengine. Yule wa "Fundi, bado?" kitasa chake cha dukani kilikua kimejaa vumbi kimekataa kuzunguka, yuko na playa anahangaika. Nilitaka sana kusema lile neno, sikusema. Wiki iliyopita kaniomba vipimo vya kulabu zangu. Nimempa, ila nilimwacha asubiri siku mbili.