Hifadhi ya Taifa na Mjane wa Chamwino

SWALI: Zamani mnunuzi wa mahindi alikuwa serikali, leo ni yeyote. Je, mama yangu mjane wa Chamwino analindwaje na njaa?

JIBU: Ndugu msomaji, soko la nafaka lilipofunguliwa miaka ya 1980, serikali ilibakiza hifadhi ya dharura, ambayo tangu 2008 husimamiwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Bei inapopanda, Wakala huuza mahindi kwa bei nafuu, lakini unafuu huo, kwa maoni yangu, humfaa zaidi mwenye fedha ya gunia kuliko mjane anayenunua sado moja moja. Huyo huhitaji ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, unaosaidia kaya maskini. Mfuatilie uandikishaji kijijini, kwani kaya maskini hutambuliwa kupitia mkutano wa wanakijiji wenyewe.