Uchungu: homoni, sindano na majani ya mama mkwe

Uchungu wangu huja usiku, kukicha unakatika. Ni kawaida? (Mama, Shela)

Kawaida kabisa, dada. Hata kima aina ya rhesus wakiwa na mimba, watafiti waliona mji wa mimba ukijikaza zaidi usiku, na oksitosini, homoni inayoukaza, ikipanda katika damu saa hizohizo.

Kwa nini dawa za uchungu hujaribiwa kwa nyani, si kwa kondoo? (Mwanafunzi, Malindi)

Projesteroni ndiyo inayoutuliza mji wa mimba miezi yote. Kondoo akikaribia kuzaa, homoni hiyo hushuka ghafla. Kwa nyani na binadamu haishuki hivyo. Inabaki juu, ila misuli huacha kuitii. Hapo prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, hulainisha mlango wa uzazi, na misuli huzidi kuitikia oksitosini. Kwa hiyo lililothibitika kwa kondoo huenda lisitufae sisi.

Mama mkwe ananichemshia majani ya kuharakisha uchungu. Ninywe? (Kiwayu)

Usinywe, mwanangu. Mama mkwe anakutakia heri, na yapo majani yanayokaza mji wa mimba kweli. Hiyo ndiyo hofu yangu, maana kikombe hakina kipimo. Hospitalini oksitosini huingia kwa dripu, polepole, mkunga akisikiliza moyo wa mtoto. Mikazo ikifuatana bila kupumzika, anaifunga dripu, na nguvu yake hupungua baada ya dakika chache. Majani yakishashuka tumboni utayafungaje? Kila mkazo hubana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo. Mtoto hupata oksijeni ya kutosha mji ukilegea. Usipolegea, anakosa. Na aliyewahi kuzaa kwa upasuaji anaweza kupasuka kwenye kovu, naye yuko kisiwani, usiku, akisubiri boti.

Uchungu ukianza miezi saba je? (Mpeketoni)

Nenda hospitali saa hiyohiyo. Dawa ya nifedipini inaweza kuuchelewesha siku mbili hivi, mama apate sindano za kukomaza mapafu ya mtoto.

Zahanati yetu umeme hukatika. Sindano ya baada ya kujifungua bado inafaa? (Muuguzi, Pate)

Oksitosini uniti 10 huzuia mama kuvuja damu, lakini inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Joto huipunguzia nguvu hata kama chupa inaonekana safi. Omba kabetosini isiyoharibiwa na joto, sindano ya kazi ileile, iliyoingizwa na WHO kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, au weka vidonge vya misoprostoli: mikrogramu 600 kwa mdomo, mtoto akishatoka, na baada ya kuhakikisha hakuna pacha ndani.