Wadogo zangu mnaoanza kazi ya nyoka, acheni kuwapanga kwa meno

Wiki hii tena nimekuta lebo ya "Viperidae" (familia ya kifutu) kwenye chupa ya nyoka mweusi aliyefukuliwa chini ya mikorosho huku Lindi. Huyo ni Atractaspis, nyoka anayeishi ardhini. Sababu mliyoandika: meno marefu ya mbele. Nawapenda, ila lebo hii imenichosha.

1. Meno ya sumu si cheti cha ukoo. Kifutu anayo marefu yanayokunjika, na Atractaspis hali kadhalika. Ndiyo maana wataalamu wa zamani waliwaweka pamoja. Jeni zimekataa: Atractaspis yuko karibu zaidi na koboko na swila. Ukoo wa kifutu ulijitenga mapema.

2. Atractaspis hashikwi nyuma ya kichwa. Nilipokuwa mgeni kazini nilimkuta mmoja baada ya mvua, nikamshika kama kifutu, vidole nyuma ya taya. Nilishajiaminisha kwamba ni jamaa ya kifutu, basi mdomo ukibanwa, hatari imekwisha. Kumbe huyu hahitaji kufungua mdomo. Anachomoza jino moja pembeni na kukuchoma kwa kurudisha kichwa nyuma. Alinipata kidole gumba. Mkono ulivimba hadi kiwiko, na daktari akaniambia hakuna dawa ya kupoza sumu inayomfaa nyoka huyu. Kazi ni kutuliza maumivu na kutunza kidonda. Nyama ya ncha ya kidole ilioza. Hadi leo kinachoniuma zaidi ni kijana niliyekuwa namfundisha: alikuwa ameshanyoosha mkono amshike vilevile, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia ni kifutu.

3. Kata kipande cha ini cha kupimia jeni, kitie kwenye spiriti, ndipo uweke nyoka kwenye fomalini.

4. Familia ya Colubridae si kapu la kila asiye kifutu wala koboko. Boaedon (nyoka wa majumbani) yuko familia ya Lamprophiidae, Psammophis (nyoka wa mchanga) ana familia yake. Na waliobaki humo msiwadharau: Dispholidus typus, nyoka wa mitini, ndiye aliyemuua Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, mwaka 1957.

5. Msitafute babu wa swila Tendaguru, kilima cha visukuku hapa Lindi. Miamba ile ina takriban miaka milioni 150, ni ya madinosaria. Mabaki ya Elapidae (familia ya koboko na swila) yamepatikana bonde la Rukwa, kwenye miamba ya takriban miaka milioni 25. Aghalabu ni pingili za uti wa mgongo tu, na pingili za shingo hazifanani na za kiwiliwili. Aliyegawa mifupa ya kifutu mmoja kuwa spishi tatu, ailete mezani Jumatatu tuipange upya pamoja.