Tineja, kigori au kijana balehe?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii huko Morogoro. Anasema: "Shikamoo mwalimu. Nimepewa kipeperushi cha Kiingereza nikiweke kwa Kiswahili wazazi wakisome, humo ndani kuna newborn, toddler, adolescent, teenager na youth. Hilo la kwanza nimeandika mtoto mchanga, ila mengine yote najikuta naandika mtoto au kijana, mtoto au kijana, mpaka mwenyewe nachoka. Hivi Kiswahili hakina maneno au ni mimi ndo siyajui?"

Marahaba mwanangu. Maneno yapo tena mengi, shida ni kwamba mengi yetu hayakupimwa kwa miaka. Mzee wa pwani ukimuuliza huyu binti ana umri gani anaweza akakwambia ni kigori, na hapo ashamaliza, hana haja ya kukutajia mwaka, maana kigori ni msichana anayekaribia kuvunja ungo, na akishavunja ungo basi sio kigori tena, ni mwali, hata kama mmoja kavunja ungo na miaka kumi na moja na mwenzake kumi na tano. Kinachotazamwa ni mwili wake umefika wapi na jamii imeshamfanyia nini. Kwa wavulana ni hivohivo, wanasema huyu katoka jando, wakati kuna waliopelekwa jando wakiwa wadogo kabisa na wengine wameshaota sauti nzito.

Kiingereza nacho sio kwamba kote kinahesabu. Hiyo "toddler" imetokana na ile hali ya kutembea kwa kuyumbayumba, na "infant" asili yake ni Kilatini, yule ambaye bado hajasema. Hesabu ya kweli iko kwenye "teenager", kwa sababu namba zao kuanzia 13 mpaka 19 zote zinaishia na "teen", basi ndo hapo neno lilipotoka, na lenyewe wala sio la zamani, lilianza kushika kasi Marekani miaka ya 1940. Sisi kumi na tatu mpaka kumi na tisa hazina mwisho unaofanana, kwa hiyo usijitese kutafuta neno moja la asili lenye mipaka hiyohiyo. Tunalo tineja, wingi matineja, limeshazoeleka na mi sina ugomvi nalo kwenye mazungumzo au gazetini, ila kwa mzazi wa kijijini andika tu "watoto wa miaka 13 hadi 19", ataelewa bila kuuliza mtu.

Sasa tuje kwenye kipeperushi chako. Mtoto mchanga umepatia, lakini angalia, kwenye afya hiyo "newborn" ni siku 28 za mwanzo, wakati sisi mtoto mchanga tunamwita hata wa miezi sita, kwa hiyo ongeza "wa siku 0 hadi 28" au uandike mtoto aliyezaliwa karibuni. "Toddler" ni kuanzia kama mwaka mmoja hadi mitatu, na hapa Kiswahili kina utajiri, mtoto anatambaa, anasimama dede, anaanza kutembea, anaachishwa ziwa, kila hatua mama anaijua. Neno moja la kubeba yote hayo halijakaa vizuri vinywani mwa watu, andika "mtoto anayeanza kutembea" uweke na miaka pembeni, sio dhambi neno moja la Kiingereza kuwa matatu ya Kiswahili.

"Adolescent" ndo linasumbua wengi. Shirika la Afya Duniani linahesabu miaka 10 hadi 19, na kwenye vipeperushi vya afya huku kwetu utakuta "vijana balehe" au "vijana wa rika balehe". Mi naliunga mkono hili la pili, la rika balehe, kwa sababu ukisema kijana balehe mzazi anaelewa mtoto ambaye ameshabalehe, wakati wa miaka kumi wengi bado kabisa, sasa mama akisoma anasema hii hainihusu wangu bado mdogo, anakiweka chini, na huyo mama ndo ulikuwa unamtaka asome kabla mambo hayajaanza. Rika linampa nafasi, yaani ni kundi la umri ambao kubalehe kunatokea. Na bado weka namba.

"Youth" usiliandike kijana halafu ukaacha hivohivo. Umoja wa Mataifa kwenye takwimu zake unasema miaka 15 hadi 24, Sera ya Vijana ya Tanzania ya 2007 inasema 15 hadi 35, Katiba ya Kenya ya 2010 inaanzia 18 na inakoma kabla ya 35. Alafu Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, maana yake binti wa miaka 16 pale Morogoro ni mtoto kwa sheria na ni kijana kwa sera, siku hiyohiyo moja. Na ukivuka kwenda Nairobi mtu akikwambia "huyu ni kijana wangu" mara nyingi anamaanisha mwanawe wa kiume, wasichana hawamo, kwa hiyo kama kipeperushi kitasomwa hadi Kenya andika "vijana wa kike na wa kiume".

Barobaro na shababi ni maneno mazuri ninayapenda sana, lakini yanamtaja mwanamume ambaye nguvu zimemjaa, sio mtoto wa darasa la saba, yaache kwa ajili ya mashairi na hadithi. Mwali nalo usiliweke kwenye karatasi ya afya kama jina la umri, sehemu nyingi linabeba unyago na kuwekwa ndani, litavuta mjadala ambao hukuuandaa.

Kitu kimoja umeniandikia mwishoni, "kichanga changu kinanyonya". Kichanga, kijana na kigori yote yana ki- mbele lakini ni watu, kwa hiyo kichanga ananyonya, kijana wangu amefika, vijana wetu wamefaulu. Vichwa vya habari vinaandika "kichanga chaokotwa" kila siku, ila wewe unaandikia mama kuhusu mwanawe, mwandikie "kichanga wako anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi sita ya mwanzo".