Python 3.9 na 3.12 kwa laptopu moja: usitoe ya sistemu

Buda, umesema projekti ya kazi inataka Python 3.9 na ukiiendesha kwa 3.12 inaleta eror ya distutils. Hiyo ya kutoa Python 3.12 iliyokuja na Ubuntu 24.04 ndiyo uweke 3.9, zii, usijaribu. Eror yako ya distutils ni kweli inatokana na toleo, distutils (moduli ya zamani ya kupakia na kusakinisha paketi za Python) ilitolewa kwa 3.12, lakini hiyo Python si yako, ni ya Ubuntu yenyewe. Mimi nilishawahi kuingia /usr/bin nikageuza python3 ielekee toleo lingine nikajiona fundi, kumbe, teminali ikakataa kufunguka, nikiita apt, ile ya kusakinisha programu za Ubuntu, naambiwa "No module named 'apt_pkg'", Jumamosi yote ikaishia hapo Kasarani nikirekebisha kitu niliharibu na laini moja.

Weka pyenv, programu ya kuweka matoleo kadhaa ya Python kwa mashine moja. Inakaa ~/.pyenv kwa home yako na kuongeza toleo hakuhitaji sudo (ruhusa ya admin). Anza na apt, uweke build-essential, libssl-dev, zlib1g-dev na libffi-dev, ukiziruka itajenga weee halafu mwisho ilie haioni ssl. Sakinisha pyenv yenyewe, ongeza laini zake za kuiwasha kwa .bashrc (faili ya mipangilio ya teminali), fungua teminali upya, kisha "pyenv install 3.9", hapo feni italia kama posho mill juu inajenga Python kutoka mwanzo, na uombe stima isipotee.

Sasa ingia folda ya projekti, piga "pyenv local 3.9", itaandika kafaili kanaitwa .python-version, ukiwa humo ni 3.9, ukitoka unarudi 3.12. Halafu utengeneze venv (mazingira ya Python ya hiyo projekti pekee) ndani ya hiyo folda, ile ya zamani futa tu.