Swali la lugha: Je, konsuli wa Roma ni balozi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri kitabu kidogo cha historia ya Warumi kwa ajili ya klabu ya vijana wanaopenda kusoma, nami nimekwama kwenye vyeo. Aya yangu moja inasema hivi: "Mwaka 59 KK Julius Kaisari alichaguliwa kuwa balozi wa Rumi. Baadaye aliuawa na wabunge bungeni kwa sababu alikuwa dikteta. Mfalme Augusto alipeleka majeshi matatu Ujerumani yakiongozwa na Varus, yote yakaangamizwa." Mwenzangu aliyeipitia anasema imejaa makosa, lakini hakunionyesha ni yapi. Je, niandike Rumi au Roma? Na Kaisari ni jina la mtu au ni cheo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sarufi ya aya yako haina kasoro. Tatizo ni kwamba karibu kila cheo ulichokitaja kina mwenyewe tayari katika Kiswahili cha leo, na msomaji wako kijana atamwona huyo mwenyewe kabla hajamwona Mrumi. Ukitafsiri cheo cha kale, jiulize kwanza aliyekuwa nacho alifanya kazi gani, alikipata kwa njia ipi, na alikaa nacho muda gani. Ukishajibu hayo ndipo utafute neno.

Balozi ndiyo iliyokupotosha zaidi, na najua ilikotoka. Lugha kadhaa za Ulaya humwita afisa wa ubalozi mdogo na mtawala wa Roma kwa neno moja, na kamusi ndogo hutoa maana ya kisasa tu. Lakini balozi kwetu ni mtu anayetumwa kwenda kuiwakilisha nchi yake ugenini, na Tanzania kuna pia balozi wa nyumba kumi, ambaye kila kijana anamjua. Konsuli wa Roma hakutumwa na mtu. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa dola. Walikuwa wawili kwa wakati mmoja, wakichaguliwa na wananchi kwa mwaka mmoja tu, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumzuia mwenzake. Kila konsuli alitanguliwa na watumishi 12 wenye matita ya fito begani, ishara ya mamlaka ya kuadhibu. Vita vikizuka, wao ndio walioongoza askari.

Tazama vita vya Cannae, mwaka 216 KK, Hannibal, jemadari wa Karthago na adui wa Roma, alipokuwa ndani ya Italia. Makonsuli wa mwaka huo, Aemilius Paullus na Terentius Varro, walikuwa wote wawili katika kambi moja, wakipokezana uongozi siku kwa siku. Waandishi wa kale wanasema Paullus alitaka kungoja na Varro alitaka kupigana, na siku ya zamu ya Varro jeshi likatoka kambini. Hannibal akaiacha safu yake ya katikati irudi nyuma taratibu, Warumi wakajisogeza ndani, kisha akawafunga pande zote. Makumi ya maelfu waliuawa siku moja, Paullus mwenyewe akiwamo. Sasa soma habari hiyo ukiweka "mabalozi wawili wakapokezana kuongoza jeshi". Msomaji atashangaa mabalozi walifuata nini vitani.

Warumi waliuita kila mwaka kwa majina ya makonsuli wake. Huo mwaka 59 KK uliouandika ulikuwa mwaka wa Caesar na Bibulus. Bibulus aliupinga mswada wa mwenzake wa kugawa mashamba, na waandishi wa kale wanasimulia kwamba alishambuliwa uwanjani, fito za watumishi wake zikavunjwa, naye akamwagiwa kinyesi kichwani. Akajifungia nyumbani mpaka mwaka wake ukaisha, akawa anatoa matangazo tu kwamba ishara za mbinguni ni mbaya. Watu wa mjini wakaanza kusema huu ni mwaka wa makonsuli Julius na Caesar. Utani huo hauna ladha kwa msomaji asiyejua kwamba makonsuli ni wawili na kwamba mwaka hubeba majina yao. Basi andika konsuli, wingi makonsuli, na cheo chenyewe ukonsuli. Kieleze mara moja kitabu kinapoanza, kisha uendelee nacho bila woga.

Kuhusu Kaisari, jibu ni kwamba ni vyote viwili, na ndiyo maana napendekeza uvitenganishe kwa maandishi. Lilianza kama jina la ukoo. Julius Caesar aliyeuawa mwaka 44 KK hakuwa "Kaisari" kwa cheo. Alikuwa Caesar kwa kuzaliwa. Octavianus, mjukuu wa dada yake, ambaye ndiye Augusto wa aya yako, alirithi jina hilo kwa kufanywa mwana katika wosia, akaitawala dola akiwa nalo, na waliomfuata wakalichukua. Nero alipokufa mwaka 68 BK ukoo ulikatika, lakini Vespasian, ambaye hakuwa na udugu wowote nao, alijiita Caesar pia. Hapo jina lilikuwa limekwisha kuwa cheo. Wajerumani walilichukua na kuwaita hivyo watawala wao, na watu wa Tanganyika wakamjua Kaizari wa Berlin.

Kwa hiyo mtu mwite Julius Caesar, kwa tahajia yake. Cheo kiite Kaisari. Sikushauri hivyo kwa ajili ya unadhifu tu. Wasomaji wengi wa Kiswahili hukutana na neno hilo kwanza katika Injili: "Basi, mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari." Kaisari aliyekuwa akitawala siku hizo ni Tiberio, aliyeshika dola kuanzia mwaka 14 hadi 37 BK. Kaisari ambaye Paulo alimkatia rufaa ni Nero. Kijana akikuta "Kaisari" katika kitabu chako akiwa konsuli mwaka 59 KK, atadhani ni yuleyule wa Injili, na kumbe kati yao kuna zaidi ya miaka 70 kuanzia kifo cha mmoja hadi mahubiri hayo. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare, toleo la 1969 lilibeba jina la Juliasi Kaizari, na kwa jukwaa linafaa sana, maana mwigizaji anahitaji jina linalotamkika. Lakini tamthilia ina Kaizari mmoja tu. Kitabu chako kina makaisari wengi, na msomaji lazima ajue unamzungumzia nani.

"Mfalme Augusto" lifute kabisa. Warumi walikuwa na wafalme zamani, na kwa mapokeo yao wenyewe walimfukuza wa mwisho mwaka 509 KK. Tangu hapo neno mfalme likawa tusi la kisiasa. Julius Caesar alipovishwa taji hadharani Februari 44 KK alilikataa mbele ya umati, na bado tuhuma ya kutaka ufalme ilimfuata hadi kaburini. Augusto aliyaona hayo. Alikusanya mamlaka yote mkononi mwake, lakini kwa maneno alidai ameirudisha jamhuri, akapenda kuitwa raia wa kwanza. Ukimwita mfalme umelificha jambo lenyewe ambalo historia yake inafundisha, yaani namna mtu anavyoweza kutawala peke yake huku vyeo vyote vya jamhuri vikiendelea kuwapo. Kiswahili kina njia tayari: Kaisari Augusto, kama Luka anavyomtaja katika habari ya kuandikwa watu.

Neno dikteta liache, ila liongezee maneno mawili. Leo dikteta ni mtawala wa mabavu. Kwa Warumi kilikuwa cheo halali cha dharura, mtu mmoja akipewa mamlaka makubwa kwa muda usiozidi miezi sita. Fabius Maximus alipewa mwaka 217 KK baada ya Hannibal kuwashinda Warumi kwenye ziwa Trasimene, na muda wake ulipokwisha akaondoka. Hakuna aliyemwua Fabius kwa kuwa dikteta. Mambo yaliharibika pale jemadari Sulla alipokichukua cheo hicho mwishoni mwa 82 KK bila kikomo cha muda, ingawa baadaye alikiacha kwa hiari yake. Mapema mwaka 44 KK Caesar akafanywa dikteta wa maisha. Hayo maneno "wa maisha" ndiyo yaliyowatia watu visu mikononi, nayo ndiyo yamekosekana katika sentensi yako.

Wabunge nao hawakuwapo. Seneti ya Roma haikuchaguliwa kama bunge wala haikutunga sheria kwa kura yake. Sheria zilipitishwa na mikutano ya wananchi. Wajumbe wa seneti walikuwa watu waliokwisha kushika vyeo vya umma, na waliingia humo kwa maisha yao yote. Kazi ya baraza hilo kwa jina ilikuwa kutoa ushauri, lakini lilishika hazina na mambo ya nje, na mtu aliyeupuuza ushauri wake alifanya hivyo kwa hatari yake. Jina la Kilatini limetokana na neno la mzee, hivyo ukieleza kwamba ni "baraza la wazee wa dola" hujakosea. Msomaji wa Kenya mfikirie zaidi: yeye ana Seneti yake tangu uchaguzi wa 2013, na maseneta wa kaunti huchaguliwa kwa kura. Kwake maelezo ya sentensi moja ni ya lazima. Tena siku Caesar alipouawa, 15 Machi, seneti haikukutana katika jengo lake la kawaida, bali katika ukumbi uliojengwa na Pompeius kando ya jumba lake la michezo ya kuigiza. Andika tu "aliuawa na kundi la maseneta katika kikao cha seneti".

Sasa hayo majeshi matatu ya Varus. Jeshi katika Kiswahili ni nguvu nzima ya kijeshi ya nchi, au kundi kubwa lolote la wapiganaji. Varus aliongoza jeshi moja lenye legioni tatu, pamoja na askari wa kuwasaidia. Mwaka 9 BK, katika msitu wa Teutoburg, Arminius, Mjerumani aliyewahi kutumika katika jeshi la Roma na kuzijua mbinu zake, aliwavizia njiani wakiwa wamejipanga mstari mrefu, akawamaliza kwa siku chache. Zilikuwa legioni za 17, 18 na 19. Dola ilikuwa nazo 28, zikabaki 25, na namba hizo tatu hazikutumika tena. Legioni ni kundi lenye namba yake, bendera yake na historia yake, la askari kama elfu tano hivi zama za Augusto. Biblia ya Union imelitumia neno hilo kwa yule mwenye pepo, "Jina langu ni Legioni", ingawa habari ya malaika katika Mathayo 26 imeandika "majeshi kumi na mawili". Kwa mahubiri yote mawili yanatosha. Kwa historia shika legioni, ngeli ya I-ZI: legioni hii, legioni tatu hizi. Na badala ya Ujerumani andika Germania, maana nchi ya Ujerumani haikuwapo. Palikuwa na makabila mengi yasiyo na mtawala mmoja.

Ndani ya legioni mlikuwa na vikosi kumi, na kila kikosi kiligawanywa katika makundi ya watu 80 hivi. Mkuu wa kundi kama hilo watafsiri wa Biblia walimwita akida, na mimi nampenda huyo akida. Lilikuwa neno la kijeshi la pwani kabla Wajerumani hawajawafanya maakida kuwa wasimamizi wa majumbe na wakusanyaji kodi. Hilo la pili limesahaulika kwa vijana, kwa hiyo neno liko huru. Usimwite jemadari, maana jemadari ni wa juu zaidi. Vilevile Pilato na wenzake waliotawala majimbo waache wawe maliwali. Liwali wa pwani aliwekwa na sultani wa Zanzibar, akaamua kesi na kujibu kwa aliyemweka. Pilato hakuwa mbali na hapo.

Aya yako ningeiandika hivi: "Mwaka 59 KK Julius Caesar alikuwa mmoja wa makonsuli wawili wa Roma. Mwaka 44 KK, baada ya kufanywa dikteta wa maisha, aliuawa na kundi la maseneta katika kikao cha seneti. Mwaka 9 BK, wakati wa Kaisari Augusto, legioni tatu zilizoongozwa na Varus ziliangamizwa Germania."

Limebaki la Rumi na Roma. Mji uite Roma, kama unavyoitwa leo na watu wa kawaida. Watu waite Warumi, na sifa iwe ya Kirumi, kama tunavyosema namba za Kirumi shuleni. Waroma si kosa, na Biblia ya Habari Njema imelitumia, lakini Warumi limeenea zaidi. Usiogope kwamba mji una o na watu wana u. Maneno haya yalitufikia kwa njia mbili: Roma kwa wamisionari na Kilatini chao, Rumi kwa Kiarabu.

Na njia hiyo ya Kiarabu ina jambo la kukumbuka ikiwa kitabu chako kitafika karne ya saba. Kwa msomaji Mwislamu, Warumi ni kwanza wale wa sura ya 30 ya Kurani, walioshindwa na Waajemi, nao ni Warumi wa Konstantinopoli, mji uitwao Istanbul leo. Watu wa pwani walikuwa wakiwasimulia hao kabla Biblia haijafika kwa Kiswahili. Chuo cha Herekali, utenzi ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo, unasimulia vita vya Waislamu na Warumi hao, na mfalme wa upande wa Warumi humo anaitwa Herekali, naye ni Heraclius, aliyetawala tangu 610 hadi 641. Dola yake ilidumu mpaka 1453. Hao waite Warumi wa Mashariki kila unapowataja, na Augusto na wenzake waache wawe Warumi tu.