Kuhusu alama za programu ya matamshi

Dada wa Kondele, Kisumu, usivunjike moyo kwa kuwa programu ya matamshi ya Kiingereza inakukata alama kila ukisema "ship". Dholuo, lugha ya Wajaluo, haina sauti ya "sh", kwa hivyo ulimi hukimbilia "s", na hapo mashine iko sawa: rudisha ulimi nyuma kidogo, tokeza midomo, kisha sema "ship" na "sip" zikifuatana. Lakini alama ya jumla usiiogope. Programu nyingi za Kiingereza hulinganisha sauti yako na rekodi za Wamarekani au Waingereza, na huweza kukuadhibu kwa lafudhi tu hata kama unaeleweka vizuri. Kelele za bodaboda pia huichanganya, jifungie chumbani. Halafu jirekodi, umtumie rafiki asiyejua ulichosoma, aandike alichosikia, uone kama unaeleweka.